Kisiwa Katika Nchi Kavu: Mlima Meru, Watu Wake na Maji Yake

Mabaharia waendao Ngazija wajua jinsi kisiwa kirefu kinavyojitambulisha kwa mtu aliye baharini. Kwanza haionekani nchi. Laonekana wingu lililotulia mahali pamoja huku mawingu mengine yakipita, na baada ya saa nyingi ndipo uonekapo weusi wa ardhi chini yake. Sisi tulilikumbuka jambo hili tulipokuwa tukisafiri kutoka Makuyuni kwenda Arusha mwezi wa Septemba, wakati nchi ya Wamasai imekauka, miti ya miiba haina jani, na vumbi la ng'ombe lasimama hewani kama moshi. Mbele yetu palikuwa na wingu lisilosogea. Tukaenda, tukaenda, na chini ya wingu lile ikatokea nchi ya kijani kibichi, migomba na kahawa, na mito inayovuka barabara. Msafiri mwenzetu, mtu wa Tanga, akasema, "Hiki ni kisiwa, ila bahari yake ni vumbi."

Wasomaji wetu wamezoea kusoma habari za visiwa vya pwani, Tumbatu na Mafia, Lamu na Kilwa Kisiwani. Leo twataka kuwaelezea kisiwa hiki cha bara, kwa kuwa neno la yule mtu wa Tanga, ijapokuwa alilisema kwa mzaha, lina kweli ndani yake. Kisiwa ni mahali pawezapo kukalika, palipozungukwa na mahali pasipokalika kwa urahisi. Mlima Meru umezungukwa na mbuga kavu karibu pande zote. Mbega wakaao katika msitu wake hawawezi kuivuka mbuga wakaenda Kilimanjaro, ingawa mlima ule uko umbali wa kilomita 70 hivi tu upande wa mashariki na asubuhi ya hewa safi waonekana wazi. Na binadamu nao, kwa muda wa mamia ya miaka, wameishi juu ya mlima huu kama waishivyo watu wa kisiwa: wamesongamana, wana bidii, wanajuana kwa ukoo, na kila mmoja ajua mpaka wa shamba lake kwa hatua.

Urefu wa Meru ni mita 4,566, nao ni mlima wa pili kwa urefu katika Tanzania. Mgeni autazamaye kutoka mjini huuona kama pia nzuri iliyochongoka, wala hajui kwamba upande wa nyuma mlima huu umebomoka. Ni mlima wa moto. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wote wa mashariki uliporomoka, mawe na tope vikamwagika hadi karibu na miguu ya Kilimanjaro, na kilele kikabaki kama kikombe kilichovunjika upande mmoja. Ndani ya kikombe hicho kimeota kilima kingine cha majivu. Mara ya mwisho mlima kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910. Tangu hapo umelala, wala wataalamu hawasemi kwamba umekufa.

Katika vifusi vya maporomoko yale ndimo yalimo maziwa ya Momella, ambayo maji yake ni ya magadi, na heroe huja kwa maelfu wakayageuza kingo zake kuwa nyekundu. Nchi hiyo, pamoja na bonde la Ngurdoto lililo kama sufuria kubwa, ilifanywa hifadhi mwaka 1960, na mwaka 1967 ikaongezewa sehemu ya mlima wenyewe ikaitwa Hifadhi ya Arusha. Mtu aweza kutoka mjini asubuhi na watoto wake, akawaonyesha twiga na nyati, na akarudi kwa swala ya magharibi. Twashangaa kuona kwamba wenyeji wengi wa Arusha, wapitao barabara ile kila juma kwenda Moshi, hawajaingia humo hata siku moja.

Walakini habari kubwa ya Meru ni maji. Pepo za kusi na za kaskazi hutoka Bahari ya Hindi zimebeba unyevu, zikapanda mlima, zikapoa, na mvua ikanyesha. Upande wa kusini na wa mashariki hupata fungu kubwa. Masika ya Machi hadi Mei huko ni masika hasa. Upande wa kaskazini na wa magharibi, kama Oldonyo Sambu, hubaki katika kivuli cha mvua, na mtu aweza kutoka kwenye matope akafika kwenye mavumbi kabla ya adhuhuri. Kutoka msituni hushuka mito mingi: Themi na Naura na Kijenge ipitayo mjini, Burka, Nduruma, Usa, Maji ya Chai, na Ngare Nanyuki. Majina haya yenyewe ni elimu. Kwa lugha ya Kimasai Ngare Nanyuki ni maji mekundu, na Ngarenaro, mtaa mkubwa wa mjini, ni maji meusi. Maji ya Chai ni Kiswahili kisichohitaji tafsiri. Mto ule una rangi ya chai isiyotiwa maziwa.

Mito mingi ya kusini hukutana katika Kikuletwa, ikaingia Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ikawa mto Pangani, ikamwaga maji yake baharini kwenye mji wa Pangani. Kwa hiyo tone la mvua lililoanguka juu ya msitu wa Meru huenda likamaliza safari yake mbele ya macho ya wavuvi wa pwani. Na si maji tu yaliyoifuata njia ile. Misafara ya Waswahili na Waarabu iliyotoka Pangani katika karne ya 19 kwenda Umasaini ilipita chini ya mlima huu, ikanunua chakula kwa wenyeji, ndizi na mahindi na maharage, kwa maana mbele yake palikuwa na siku nyingi za nchi isiyo na shamba. Jahazi huhitaji kisiwa cha kutekea maji. Msafara nao ulimhitaji Meru.

Wenyeji wa kisiwa hiki ni kabila mbili. Wameru, wajiitao wenyewe Warwa, wako upande wa mashariki, na lugha yao ni jamaa wa karibu wa Kichaga cha Machame. Wazee wao husimulia kwamba mababu walitoka Usambara. Waarusha wako upande wa magharibi. Hao husema Kimasai, wana desturi nyingi za Kimasai za rika na jando, lakini ni wakulima hodari, nao walifika hapo kutoka Arusha Chini, kusini ya Moshi, katika miaka ya 1830. Mto Themi ulikuwa kama mpaka wao. Walipigana, wakapatana, wakaoana, na leo mgeni asiyesikia lugha zao hawezi kuwatofautisha kwa kutazama migomba yao.

Kilimo chao chastahili kusifiwa. Mtu wa mlima hana shamba kubwa. Ana kihamba, na ndani ya kihamba mna nyumba, zizi, mgomba, kahawa chini ya mgomba, maharage chini ya kahawa, na mti wa kivuli juu ya vyote. Ng'ombe hufungwa zizini akaletewa majani, na samadi yake hurudi mgombani. Maji huletwa kwa mifereji iliyochimbwa kwa jembe, ikifuata ubavu wa mlima kwa mwinuko mdogo sana hata wahandisi wameistaajabia. Kila mfereji una wazee wake na zamu zake, na mtu afunguaye maji usiku katika zamu ya jirani hupata aibu kubwa kuliko hasara. Tulipewa huko loshoro, chakula cha ndizi au mahindi kilichochanganywa na maziwa ya mgando, na mwenzetu wa Tanga, aliyeanza kwa shaka, aliomba bakuli la pili.

Lakini kisiwa kina mwisho, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Wajerumani waliujenga boma la Arusha mwaka 1900, baada ya vita vikali na wenyeji, na jengo lile lingaliko mjini, limekuwa nyumba ya makumbusho. Kisha wakauzungushia mlima mashamba ya walowezi, Wajerumani na Makaburu. Juu ya vihamba pakawa msitu wa serikali usioruhusiwa kulimwa. Chini yake pakawa mashamba ya Wazungu. Watu wakabaki katikati kama punje kati ya mawe mawili ya kusagia. Waingereza walipoitawala nchi baada ya vita hawakuliondoa jiwe la chini, bali waliliongeza uzito. Katika Novemba 1951, kwa shauri la tume iliyoongozwa na Jaji Wilson, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu katika Ngare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi ile ifanywe mashamba ya ng'ombe ya walowezi wachache. Waliambiwa waende Kingori, nchi ya chini yenye joto na homa. Wengi walikataa, wakaenda kujibanza kwa jamaa zao mlimani.

Kilichofuata kilikuwa kigeni katika Tanganyika. Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha, senti kwa senti, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet hadi New York, naye akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952 akieleza dhuluma ile, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Alikuwa Mtanganyika wa kwanza kusema mbele ya baraza lile. Ardhi haikurudi kwa maneno yake siku ile. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchi akisimulia aliyoyaona, na watu wa mikoa ya mbali, wasiojua Meru iko wapi, walielewa kwamba mkulima aweza kumshitaki mtawala wake mbele ya dunia. Chama cha TANU kiliundwa miaka miwili baadaye, 1954. Vijana wetu wanaojua tarehe ya Azimio la Arusha, 5 Februari 1967, yafaa wajue pia kwamba jina la mlima huu lilikwisha kusikika duniani kabla yake, kwa ajili ya kihamba na zizi. Leo Ngare Nanyuki hulimwa nyanya na vitunguu na wananchi wenyewe.

Mji wenyewe ni mchanganyiko. Katika mitaa kama Kaloleni na Ngarenaro wamekaa Waswahili wa pwani, Wasomali, Warangi wa Kondoa na Wapare, na adhana ya alfajiri husikika mahali ambapo baridi ya Juni humfanya mtu wa pwani aone uzito wa kutia mkono katika maji ya udhu. Hayo wasomaji wa Arusha wayajua kuliko sisi, nasi hatutayarefusha. Twataka kurudi kwenye maji, kwani liko jambo tulilolikuta huko ambalo kila mzazi akaaye chini ya Meru hana budi kulijua.

Tulikaribishwa na bibi mmoja katika kijiji cha upande wa Maji ya Chai. Nyumba yake ilikuwa safi kupita kiasi, ua umefagiwa hata ungeweza kuswali juu yake. Mjukuu wake wa kike, wa miaka kama 12, alituletea maji ya kunawa. Alikuwa akicheka na wenzake nje, lakini alipotukaribia alifunga mdomo na kuweka kiganja mbele yake. Bibi akaona kwamba tumeona.

"Mwonyeshe baba zako meno," akasema.

Mtoto akainama. Bibi akatueleza mwenyewe. "Meno yake ni ya rangi ya kahawia, kama yangu, kama ya mama yake. Dada yake alikwenda Dar es Salaam kusoma, wenzake wakamwambia kwao hawajui mswaki. Akarudi likizo akasugua meno kwa majivu hata fizi zikatoka damu. Nikamwambia, mwanangu, utamaliza majivu ya mlima mzima. Huo si uchafu, ni maji."

Yule bibi alisema kweli, na wataalamu wanamshuhudia. Mawe ya mlima huu wa moto yana madini yaitwayo floraidi, na maji yapitayo ndani yake huyachukua. Floraidi kidogo hailetei meno dhara, ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kisichozidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa kipimo kile kingewanyima watu wengi maji yote waliyo nayo. Katika sehemu za mashariki ya Meru, maji ya mito na chemchemi huvuka vipimo vyote viwili kwa maradufu kadhaa, na maji ya maziwa ya Momella ni sumu kabisa. Chemchemi za juu, karibu na msitu, aghalabu ni nafuu kuliko maji ya bondeni.

Jino huharibika lingali linaumbwa ndani ya ufizi, yaani katika miaka minane hivi ya kwanza ya mtoto. Baada ya hapo mswaki hauwezi kuondoa rangi ile, kwa kuwa haiko juu ya jino bali imo ndani yake. Mtu aliyekuja Arusha akiwa mtu mzima hapati meno ya kahawia, na kwa sababu hiyo wageni wengi hudhani jambo hili haliwahusu, hata watoto wao wazaliwe huko. Na meno ndiyo dalili nyepesi. Mahali floraidi ilipozidi mno huingia mifupani. Watoto hupata matege, na wazee mgongo na magoti hukakamaa hata kurukuu na kusujudu kukawa kazi. Tuliwaona wa namna hiyo.

Sasa yapasa tuseme jambo ambalo akina mama wengi hawajaambiwa. Kuchemsha maji huua vijidudu vya maradhi ya tumbo, na lazima yachemshwe. Lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi yote hubaki katika maji yaliyosalia, na hivyo huzidi ukali. Kuyachuja kwa kitambaa hakusaidii. Macho na ulimi navyo havitambui, maana maji hayo ni maangavu na matamu. Dawa ya kwanza ni kuuliza: kila familia yaweza kuiomba ofisi ya maji ya mahali pake ieleze kipimo cha maji inayoyatumia, na haki hiyo si ya wasomi peke yao.

Dawa ya pili ni mvua. Maji yaangukayo kutoka mbinguni hayajagusa mawe ya mlima, na floraidi yake ni kidogo sana. Nyumba yenye bati na mifereji ya paa yaweza kuyakusanya, mradi maji ya mvua ya kwanza yaachwe yasafishe bati. Wala si lazima yatoshe kwa mambo yote. Kuoga, kufua, kutawadha kwa maji ya mto hakudhuru meno ya mtoto. Yanayodhuru ni yale anayoyanywa na yale yanayopikiwa chakula chake. Pipa dogo lililotengwa kwa ajili ya uji na maji ya kunywa ya watoto wachanga lina faida kuliko tangi kubwa litumiwalo ovyo. Na magadi yale yanayotiwa katika maharage na makande ili yaive upesi yatazamwe vizuri, kwa maana nayo yana floraidi. Mama aweza kuloweka maharage usiku kucha badala yake. Chai nzito pia haimfai mtoto mdogo, kwa kuwa majani ya chai huibeba floraidi.

Dawa ya tatu ni ya mifupa. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto wataalamu wamefanya kazi kwa miaka mingi juu ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuri yenye hewa kidogo hata ikawa myeusi. Ikichomwa pungufu maji hunuka, ikichomwa kupita kiasi ikawa myeupe hupoteza nguvu yake. Mkaa huo huwekwa ndani ya ndoo, maji hupita ndani yake, na floraidi hunaswa. Baada ya miezi kadhaa nguvu huisha, mkaa hubadilishwa, na hapo ndipo nyumba nyingi hushindwa: ndoo ipo, mkaa umechoka, na hakuna anayejua.

Tulipoueleza mtungi huo kwa Waislamu wa kijijini, mzee mmoja aliuliza swali ambalo twaliona la haki. "Mifupa hiyo ni ya mnyama gani, na alichinjwa vipi?" Mafakihi wamehitilafiana juu ya mifupa ya mzoga, na juu ya kitu kilichogeuzwa na moto hata kikawa kitu kingine. Sisi si watu wa kutoa fatwa. Lakini kuuliza ni rahisi kuliko kuacha: mwenye kutengeneza mkaa aulizwe mifupa aliitoa wapi, na shehe wa mahali aulizwe hukumu yake, kisha mtoto apewe maji. Tulisikitika kuona nyumba mbili zilizoweka mtungi pembeni kwa miaka kwa ajili ya shaka hiyo, pasina mtu hata mmoja kuuliza.

Mjini hali imeanza kubadilika. Mradi mkubwa wa maji wa jiji, uliofanywa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umechimba visima vipya mbali na mlima, hata upande wa Hai, ili maji mema yachanganywe na ya zamani. Vijiji vya mashariki vyangoja zamu yao, kama mtu wa mwisho kwenye mfereji.

Tulipoondoka kwa yule bibi jua lilikuwa limeshuka na wingu limefunguka, na kilele kikaonekana chote, cheusi, na ule ubavu uliovunjika. Mjukuu alitusindikiza hadi barabarani akiwa amebeba mkungu mdogo wa ndizi tuliopewa zawadi. Tukamwuliza anataka kuwa nani atakapokuwa mkubwa. Akasahau kiganja chake, akajibu kwa sauti, "Mpima maji."